Muziki wa kupumzikia jioni Lubumbashi: mwongozo kamili wa kupanga dakika 90 zisizokatizwa na seben, matangazo wala simu

Malalamiko ni yale yale. Mtu amerudi kutoka kazini, amekula bukari (ugali), ameketi, amefungua rumba anayoipenda tangu utoto. Dakika nne za kwanza ni tamu. Ya tano, seben, yaani sehemu ya kucheza, inaingia, ngoma zinapasuka, atalaku, yule mpiga kelele wa bendi, anaanza kuita, na yule aliyekuwa anasinzia sasa anatikisa mguu. Au wimbo umeisha vizuri, likafuata tangazo la pombe kwa sauti ya juu. Au mega za intaneti zimekwisha. Au SNEL, shirika la umeme, imekata. Kesho yake anasema muziki haumsaidii kupumzika.

Muziki hauna kosa, ila haukuandaliwa. Mwili hulegea pale tu sikio linapoacha kulinda, na sikio haliachi kulinda mpaka lizoee kwamba hakuna kitakacholishtua. Kazi yote iliyo hapa chini ni kuondoa mishtuko, mmoja baada ya mwingine. Tenga Jumamosi moja mchana, umeme ukiwepo. Ukimaliza, hutagusa tena kitu kwa miezi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye nafasi ya kutosha. Wimbo wa MP3 wa ubora wa 128 huchukua karibu mega 1 kwa dakika, hivyo dakika 90 ni chini ya mega 90. Kwa ubora wa 320, weka mega 220. Kadi ya memori ya kawaida inabeba hizo bila shida.
- Nyimbo zenyewe, zikiwa ndani ya simu au kadi. Zisiwe za kusikiliza moja kwa moja kwenye intaneti. Nunua, au nakili kutoka CD zako.
- Bafle (spika) ndogo ya bluetooth, ikiwezekana yenye tundu la waya pia, pamoja na waya wake.
- Power bank iliyojaa.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au saa ya simu.
- Kompyuta yenye programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Ya kuazima kwa mchana mmoja inatosha. Kama hupati kompyuta, usikate tamaa: hatua ya 3 ina njia nyingine.
- Daftari na kalamu. Wengi hudharau kitu hiki, halafu wanasikiliza wimbo mmoja mara tano kwa sababu wamesahau seben ilianzia wapi.

## Hatua ya 1: Kusanya nyimbo 40, hata kama utabakiza 20

Usianze na nyimbo ishirini unazozipenda. Anza na arobaini, kwa sababu nusu zitaanguka njiani. Zitafute katika makundi manne.

Gitaa la Katanga. Hapa watu wa Lubumbashi tuna mali ambayo tunaiacha kabatini. Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Edouard Masengo baada yake, waliacha nyimbo za sauti moja na gitaa moja, nyingi kwa Kiswahili. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna atalaku. Sahani za santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, kwa hiyo nyimbo ni fupi na haziwezi kukugeukia katikati. Nyimbo kumi za namna hii ni nusu saa. Kwa mtu anayeanza, hili ndilo kundi salama kuliko yote.

Rumba ya zamani. Miaka ya 1950 na 1960: Grand Kallé, Tabu Ley Rochereau, Franco wa siku za mwanzo, gitaa la Docteur Nico. Atalaku waliingia kwenye rekodi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo ukibaki nyuma ya hapo umekwepa nusu ya matatizo. Nusu nyingine ni seben, na tutaikata.

Sauti na gitaa za siku hizi. Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, ni wa kwanza kwenye orodha yangu. Hupanga sauti juu ya sauti, taratibu, na hana haraka ya kumchezesha mtu.

Nyuzi bila maneno. Kora ya Mali, ala ya nyuzi 21, ikipigwa na mtu kama Toumani Diabaté. Gitaa peke yake. Piano ya polepole. Hizi ni za mwisho wa jioni.

Na nyimbo za Mungu? Zinafaa sana, mradi ziwe za kuabudu na si za kusifu. Kwaya ikianza kupiga makofi, imeshatoka kwenye kazi yetu.

Onyo. Kuna nyimbo mbili za kufuta hata kama ni nzuri kupita zote. Ya kwanza ni ile iliyopigwa kwenye kilio cha mtu wako. Noti tatu tu, na umerudi kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Ya pili ni yenye mabanga mengi, yaani kutajwa kwa majina ya watu. Mwimbaji akitaja jina la mfadhili wake kila baada ya mstari, sikio linageuka kama vile mtu ameitwa mlangoni. Jina la mtu halisikilizwi kwa utulivu, hata likiwa si lako.

Umefaulu ikiwa una majina 40 kwenye daftari, na katika kila kundi kuna angalau matano.

## Hatua ya 2: Hesabu mapigo

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na wengi wetu tukiwa tumekaa tunakuwa upande wa chini. Muziki wenye mapigo 60 hadi 80 kwa dakika hauuvuti moyo kupanda. Ukipita 100, mwili unaanza kujiandaa kusimama.

Fanya hivi: fungua wimbo, acha mguu upate mdundo wenyewe, kisha hesabu mapigo ya mguu kwa sekunde 15. Zidisha kwa 4. Ukihesabu 18, wimbo una mapigo 72, uandike. Ukihesabu 28, una 112, uache.

Kuna mitego miwili.

Gitaa la Katanga linadanganya. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada, na kidole cha shahada kinakimbia huku dole gumba linatembea. Ukihesabu nyuzi nyembamba utapata namba ya kutisha. Hesabu dole gumba, yaani nyuzi nene zenye sauti nzito. Hizo ndizo zinazouongoza mwili.

Mtego wa pili ni rumba yenye maraka, yaani kayamba za kutikisa. Maraka hupiga mara mbili kwa kila hatua ya mchezaji. Ukipata 140, hebu fikiria wazee wawili wanaocheza wimbo huo wakiwa wameshikana. Hesabu hatua zao, utapata 70.

Pima sehemu ya kwanza ya wimbo na sehemu ya mwisho. Zikitofautiana sana, usiufute bado. Weka alama ya nyota pembeni. Huo ni wimbo wa kukatwa.

Umefaulu ikiwa kila wimbo una namba, na nyimbo kama 25 hadi 30 zimebaki.

## Hatua ya 3: Tafuta seben, kisha ikate

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Rumba yetu imejengwa kwa vyumba viwili. Cha kwanza ni maneno: mwimbaji analia mapenzi, magitaa yanamjibu kwa upole. Cha pili ni seben: maneno yanakwisha, gitaa la solo linashika kifungu kifupi na kukirudia, ngoma zinabana, watu wanainuka. Wimbo ulitungwa hivyo makusudi, ili mtu aketi kwanza kisha acheze. Mtunzi hakukosea. Wewe ndiye unayetaka kuketi tu.

Dalili kwamba seben inakaribia ni hizi. Kibwagizo kinarudiwa kwa kufupishwa, mstari mzima unabaki nusu mstari. Solo inapanda kwenye noti za juu na kuanza kujirudia. Mpiga ngoma anagonga mfululizo mfupi, kama anayebisha hodi. Ukisikia hayo matatu, angalia saa ya wimbo na uandike: dakika 3, sekunde 50. Kisha rudi nyuma mpaka mwisho wa mstari wa mwisho ulioimbwa kikamilifu. Hapo ndipo pa kukata, si pale seben inapolipuka. Ukikata kwenye mlipuko, sikio linakuwa limeshaahidiwa ngoma, na linabaki likisubiri.

Kwa kompyuta:

1. Nakili nyimbo zote kwenye folda mpya kwanza. Usikate kamwe faili la asili, maana siku ya harusi utaihitaji hiyo seben.
2. Fungua nakala ndani ya Audacity. Bofya kwenye sekunde uliyoiandika.
3. Bonyeza Shift na End pamoja ili kuchagua kila kitu mpaka mwisho, halafu futa.
4. Chagua sekunde 8 hadi 10 za mwisho zilizobaki. Kwenye menyu ya Effets kuna amri ya kufifisha sauti hadi iishe, itumie. Sekunde 3 ni chache mno, mtu anahisi mlango umefungwa.
5. Sikiliza sekunde 30 za mwisho ukiwa umefumba macho. Ukishtuka, rudisha na ukate mapema zaidi.
6. Toa faili la MP3 kwa jina jipya.

Bila kompyuta: tumia ujanja wa sahani zenyewe. Nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kwenye sahani ndogo za mizunguko 45, ambazo hazikutosha wimbo mzima. Watayarishaji waliugawa: sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Mikusanyo mingine ya sasa imeziacha zikiwa mbili, zimeandikwa 1 na 2. Chukua ya 1, acha ya 2. Mara nyingi maneno yote yako kwenye ya kwanza na seben kwenye ya pili, na aliyekukatia ni mtayarishaji mwenyewe, tena kwa ustadi.

Kuna watu wataniambia kukata seben ni kuitukana rumba. Nawaelewa. Mimi mwenyewe seben naipenda, Jumapili mchana, nikiwa nimesimama.

Umefaulu ikiwa unaweza kusikiliza kila wimbo mpaka mwisho bila bega kuanza kucheza.

## Hatua ya 4: Sawazisha sauti

Rekodi ya 1952 na rekodi ya mwaka jana hazina nguvu sawa. Ya zamani ni ndogo, unaongeza sauti ili uisikie, inayofuata inakurukia. Mshtuko wa namna hii ni mbaya kuliko seben, kwa sababu haukutarajiwa hata kidogo.

Ndani ya Audacity kuna amri ya kusawazisha ukubwa wa sauti. Chagua namba moja kwa nyimbo zote, kwa mfano -20 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), na usiibadilishe katikati ya kazi. Namba yenyewe si muhimu sana. Usawa ndio muhimu.

Huna kompyuta? Weka sauti ya simu mahali pamoja, sikiliza sekunde 20 za kila wimbo, na andika alama: jumlisha kwa zilizo kubwa, kutoa kwa zilizo ndogo. Kisha usipange kamwe wimbo wa kutoa ukifuatwa na wa kujumlisha. Kutoka kubwa kwenda ndogo, sikio linasamehe.

Rekodi za zamani zina mvumo wa juu, kama kitu kinachokaangwa mbali. Kwenye ekwalaiza ya simu, shusha vijiti viwili vya mwisho upande wa kulia. Usivishushe mpaka chini, maana hapo hapo ndipo ulipo mwangaza wa gitaa.

## Hatua ya 5: Panga mfuatano

Gawa dakika 90 katika sehemu tatu za nusu saa.

Nusu saa ya kwanza ni ya nyimbo zenye maneno unayoyaelewa, mapigo karibu 80. Hapa wanakaa Mwenda, Masengo na rumba uliyoikata. Sababu: umetoka kazini na kichwa kimejaa bosi, deni, foleni ya taksi. Maneno ya Kiswahili yanakishika kichwa mkono na kukitoa huko. Ukianza moja kwa moja na kora, kichwa kitaendelea na deni lake huku kora ikipiga peke yake.

Nusu saa ya pili ni ya sauti bila habari. Lugha usiyoielewa, au sauti zinazoitikiana bila hadithi. Mapigo 70. Kwa wengi wetu Lingala haifai hapa, kwa sababu tunaielewa vizuri mno. Mtu akianza kulalamikia mapenzi, tunataka kujua aliachwa na nani.

Nusu saa ya mwisho ni nyuzi tu. Mapigo 60 hadi 65. Usiweke sauti ya mtu hata moja.

Sasa majina ya mafaili. Simu hupanga kwa alfabeti, kwa hiyo ukiandika 1, 2, 3 mpaka 20, simu nyingi zitapiga 1, kisha 10, kisha 11, na mpango wote umeharibika. Andika 01, 02, 03. Weka yote kwenye folda moja, ipe jina, na zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Kitufe hicho ni adui. Zima na kile cha kurudia.

Usibadilishe mfuatano kila siku. Faida kubwa ya orodha hii inakuja pale unapojua, bila kufikiri, wimbo gani unafuata. Wimbo wa tano ukiisha na wa sita ukaingia kama ulivyotarajia, sikio linaweka silaha chini.

Umefaulu ikiwa folda ina nyimbo 18 hadi 25, jumla ya dakika 85 hadi 95, na kila wimbo una mapigo sawa au pungufu kuliko uliotangulia, ukiacha tofauti ya mapigo machache.

## Hatua ya 6: Weka bafle mahali pake

Watu huweka bafle kwenye kona, juu ya friji au kabati. Kona hukuza besi, na friji hutetemeka nayo. Kinachokufikia ni mvumo mzito tumboni.

Iweke juu ya meza au stuli, mbali na ukuta angalau nusu mita, chini yake kitenge kilichokunjwa mara nne ili meza isitetemeke. Urefu uwe wa masikio yako ukiwa umeketi. Umbali mita 1 hadi 2.

Sauti iwe kiasi gani? Mazungumzo ya kawaida ni karibu desibeli 60. Lenga chini ya hapo. Kipimo cha nyumbani: mtu aliye chumba cha pili akikuita kwa sauti ya kawaida, lazima umsikie. Usipomsikia, punguza.

Tatizo kubwa la komini zetu za Kenya, Kamalondo, Katuba na kwingineko ni terasi (baa) ya jirani. Nayo ina bafle, tena bafle ya kimo cha mtu. Usishindane nayo kwa kuongeza sauti. Utashindwa, na utakuwa umewasumbua hata wenzako wa parseli (kiwanja) moja. Badala yake sogeza bafle yako karibu. Kuihamisha kutoka mita 2 hadi mita 1 hulipa sikio lako hadi desibeli 6 za ziada, bila kugusa kitufe na bila jirani kujua. Funga dirisha la upande wa terasi, fungua la upande wa pili, keti ukiwa umeipa terasi mgongo.

Ukitumia ekuteri (spika za masikioni), kumbuka kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, usizidishe. Kwa kazi yetu hufiki hata karibu na hapo. Ukifika, kuna kelele unayoikimbia, na dawa yake ni kuhamia chumba kingine.

Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna jambo jingine: mvua juu ya malata (mabati). Hakuna bafle ya nyumbani inayoishinda. Mvua kubwa ikianza, zima muziki na usikilize mvua. Ni bure, haina seben.

## Hatua ya 7: Funga milango yote ya kukatizwa

Fuata mpangilio huu kila jioni:

1. Jaza simu na bafle umeme unapokuwepo, hata kama zimebaki na nusu. Delestaji, yaani mgao wa umeme, haipigi hodi. Simu inayopiga nyimbo zake yenyewe, kioo kikiwa kimezimwa, inatumia umeme kidogo sana. Inayomaliza betri ni intaneti na mwanga wa kioo.
2. Unganisha bafle na simu kabla ya kuketi. Bafle nyingi za bei nafuu zina mwanamke ndani anayetangaza kwa sauti kubwa kwamba zimeunganishwa. Atangaze wewe ukiwa bado unaosha vyombo. Anatangaza pia betri ikikaribia kwisha, na sauti yake haifuati kitufe chako. Ndiyo maana ya kujaza mapema. Bafle yenye waya ina nafuu, maana hakuna kuunganishwa kwa kutangazwa.
3. Weka simu kwenye hali ya ndege, kisha washa bluetooth tena peke yake.
4. Kama nyumbani kuna mgonjwa, au una mzazi mzee kijijini, usizime mtandao kabisa. Tumia hali ya kutosumbuliwa na uruhusu namba mbili au tatu tu. Kupumzika ukiwa na wasiwasi wa kupigiwa si kupumzika.
5. Weka saa ya kuzima. Programu ya VLC ya simu inayo. Iweke dakika 95, ili orodha iishe yenyewe kwanza.
6. Iweke simu mbali na mkono. Bluetooth inafika karibu mita 10 mahali pa wazi, ingawa ukuta wa matofali unaipunguza. Upande wa pili wa chumba unatosha. Simu iliyo mkononi itafunguliwa.

## Hatua ya 8: Jaribu mchana kwanza

Usijaribu orodha mpya usiku. Ipige mchana ukiwa na kazi ya mikono: kupiga pasi, kuchambua maharagwe, kushona kifungo. Daftari liwe karibu. Kila mara mkono unaposimama wenyewe, andika jina la wimbo na dakika. Mkono uliosimama umesikia kitu. Labda ni sauti iliyoruka, seben iliyobaki mkiani, au kumbukumbu usiyoitaka. Rekebisha au futa.

Rudia siku nyingine. Mkono usiposimama kabisa kuanzia wimbo wa tatu mpaka mwisho, orodha iko tayari kwa jioni.

Jioni yenyewe, dalili za kufaulu ni ndogo na hazina ushabiki. Mabega yanashuka wakati wa nusu saa ya kwanza. Unapiga miayo kwenye ya pili. Kwenye ya tatu unagundua kwamba hukumbuki wimbo uliopita uliishaje. Usitegemee machozi wala furaha kubwa. Ukivipata, kuna wimbo umekusisimua, na kazi yake si hapa.

## Mambo yanayoulizwa sana

Papa wa nyumba anataka habari za redio. Zitangulie. Habari kwanza, muziki baadaye, kamwe si kinyume chake. Ukisikiliza habari baada ya dakika 90 za nyuzi, umelipa kodi ya nyumba na kulala nje.

Watoto wanapiga kelele. Wape nusu saa ya kwanza. Waimbe pamoja na Mwenda, maneno ni Kiswahili na ni mafupi. Kwa kawaida kwenye kora wanaondoka wenyewe, wanasema haina kitu.

Nikisinzia kwenye kiti? Hakuna tatizo, saa ya kuzima ipo. Hakikisha tu jiko la makala (makaa) liko nje ya chumba. Nasema hili kwa uzito wote: makala hutoa hewa ya sumu isiyonuka, dirisha limefungwa kwa ajili ya terasi, mtu amelala. Mbabula, yaani jiko hilo, itoke nje kabla ya wimbo wa kwanza.

Nimechoka na nyimbo zile zile. Badilisha tatu kwa mara moja, tena katika nusu saa ya kwanza tu. Nyuzi za mwisho ziache. Zinazoingia zipitie hatua za 2 hadi 4 kama wenzake, hata kama ni za mwimbaji unayemwamini.

Simu ikiibiwa? Nakili folda nzima kwenye kadi ya pili au flash, pamoja na picha ya ukurasa wa daftari wenye namba za mapigo na sekunde za kukata. Fanya hivyo leo, kabla hujarudisha kompyuta ya watu.